Kuni za Tumbaku na Ahadi ya 2030

Mwaka 2021 Tanzania iliahidi kwamba ifikapo 2030 gesijoto itakuwa pungufu kwa asilimia 30 hadi 35 kuliko ambavyo ingekuwa bila kuchukua hatua, na kazi hiyo imegawanywa kisekta: nishati, usafirishaji, misitu na taka. Kwenye usafirishaji, treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu 2024.

Huku kwetu Tabora suala zito ni kuni. Tumbaku ya mvuke hukaushwa ndani ya bani kwa moto unaochochewa usiku na mchana kwa takriban wiki nzima, na kuni zake hutoka kwenye misitu ya miombo. Hapo tunapoteza mara mbili: moto unatoa kaboni iliyotunzwa miaka mingi, na mti wa kuinyonya tena haupo. Bani sanifu linatumia kuni chache kuliko bani la kawaida.

Jikoni, mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Bei ya mtungi wa gesi bado inawalemea wengi, na serikali inapaswa kulishughulikia hilo.

Mkulima, kabla msimu haujaanza, panda miti yako ya kuni, na uulizie bani sanifu kwenye chama chako cha msingi.