Safari ya Kozi wa Amuri



Katika miezi ya Novemba na Desemba, mvua ya vuli inyeshapo juu ya nyika ya Tsavo, kumbikumbi hutoka ardhini kwa wingi, na mara angani huonekana makundi ya ndege wenye mabawa membamba, wakiwadaka kumbikumbi hao na kuwala papo hapo wakiruka. Ndege hao ni jamii ya kozi. Huitwa kozi wa Amuri, kwa jina la mto mkubwa upitao mpakani mwa Urusi na Uchina, maana pande zile ndiko watagako na kulea makinda. Baada ya siku chache hawaonekani tena, wamekwenda zao kusini mwa Afrika. Mtu akiambiwa kwamba ndege mwenye uzito wa gramu 150 hivi husafiri zaidi ya kilometa 20,000 kwenda na kurudi, ana haki ya kuuliza: Ni nani aliyemfuata?

Hapo kale njia ilikuwa pete. Mwaka 1899 huko Denmark, Hans Christian Mortensen (naye, nafurahi kusema, alikuwa mwalimu wa shule) alianza kuwavika ndege pete nyepesi zenye namba. Lakini pete hutuambia mambo mawili tu: ndege alivikwa wapi, na alionekana tena wapi. Njia iliyo katikati hubaki gizani.

Siku hizi ndege hufungwa mgongoni chombo kidogo kipatacho nguvu kwa mwanga wa jua. Chombo hicho hutuma mawimbi ya redio, nayo hupokewa na setilaiti izungukayo dunia. Mmepata kusikia filimbi ya gari la moshi: likikaribia, sauti huwa nyembamba, na likiisha kupita, huwa nene. Ndivyo yabadilikavyo mawimbi yale kadiri setilaiti ikaribiapo na kwenda mbali, na kwa mabadiliko hayo wataalamu hukadiria ndege alipo. Chombo cha kozi huyu kina uzito wa gramu 5. Ni kama mtu wa kilo 60 kuchukua mzigo wa kilo 2 asiutue mwaka mzima. Si jambo dogo, na kwa hiyo hawafungwi ovyo.

Sasa twendeni Nagaland, jimbo la Uhindi lipakanalo na Myanmar. Kila Oktoba kozi hao hutua kwa maelfu kando ya bwawa la Doyang, wale na kunenepa kabla ya kuvuka bahari. Mwaka 2012 habari zilienea ulimwenguni kwamba wanakijiji waliwanasa kwa nyavu na kuwauza kwa nyama. Ilikisiwa kwamba ndege 120,000 hata 140,000 waliuawa katika msimu ule mmoja. Wengi waliwalaani watu wale. Mimi nasema tusiharakishe kuhukumu: bwawa lilikuwa limefunika mashamba yao, na nyama ile ilikuwa fedha ya chakula na karo. Juu ya hayo, hakuna aliyekuwa amewaonyesha ndege wale walikuwa wakienda wapi.

Mwaka 2013 wazee wa kijiji cha Pangti walipiga marufuku unasaji, na mwaka huo nyavu hazikutandazwa. Novemba, wataalamu wa Uhindi na Hungary waliwafunga kozi watatu vyombo, wakawaita Naga, Wokha na Pangti. Ndege walikata Uhindi, wakaingia Bahari ya Arabuni. Huko hamna mti wala mwamba wa kutulia. Ni kilometa 3,000 hivi za maji, mchana na usiku, hata pwani ya Somalia. Husaidiwa na upepo wa kaskazi, ule ule ulioleta majahazi kwetu tangu enzi za mababu. Wako wataalamu wanaodhani kwamba njiani hula kerengende, ambao nao huvuka bahari wakati huo huo. Kisha hushuka kwetu, Kenya na Tanzania. Mwaka 2014 Naga na Pangti walirudi Doyang, na watu wa kijiji wakawapokea kama watoto waliotoka ugenini.

Si kila mahali palipotulia. Mwaka 2018, katika jimbo la jirani, kozi aliyepewa jina la Manipur alipigwa risasi siku chache tu baada ya kufungwa chombo.

Vuli ijayo, kumbikumbi watokapo, tazameni juu. Dume ni wa rangi ya kijivu, miguu myekundu, na chini ya bawa mna weupe unaong'aa. Jike ana madoa kifuani. Mkiokota aliyekufa mwenye pete au chombo, andikeni namba, mahali na tarehe, mkapeleke habari kwa ofisi ya wanyamapori iliyo karibu.