Daftari la Samaki Waliokufa

Wageni wetu mliotoka Kimara, Goba na Mbagala, wengi wenu nilianza kuyajua matangi yenu kabla ya kuyajua majina yenu.

Miaka mitatu iliyopita nilikaa katika jopo la kupitia maandiko ya miradi. Andiko moja liliomba fedha kidogo ili kukusanya kumbukumbu za watu wanaofuga samaki na kuotesha mboga kwa maji yaleyale nyuma ya nyumba zao, kilimo ambacho sisi tunakiita akwaponiki. Mwenzetu mmoja, msomi ninayemheshimu, alilikataa kwa hoja fupi: watu wa uani hawazalishi maarifa, wanayatumia tu, na kila wanapopashana wanayaharibu. Wajumbe waliafiki, tukachukua andiko lililofuata. Mimi nami nilinyamaza. Jioni hii najibu.

Mfumo wenyewe mnaujua, kwa hiyo sitakaa hapo. Samaki wanatoa amonia, bakteria wanaigeuza kuwa nitriti kisha nitrati, mmea unakula nitrati, maji yanarudi kwa samaki. Sergei Winogradsky aliwatenga bakteria hao mwanzoni mwa miaka ya 1890, na wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wanaweza kuwachorea mzunguko huo ubaoni wakiwa wamefumba macho.

Hoja ya mwenzangu ina miguu miwili. Wa kwanza unasema maarifa haya yalizaliwa maabara, yakateremka hadi uani. Turudi basi kwenye historia yenyewe.

Mwaka 1969 John Todd, Nancy Jack Todd na William McLarney walianzisha Taasisi ya New Alchemy huko Marekani. Shamba lao lilikuwa Cape Cod, Massachusetts, na humo walifuga perege, samaki wa jamii ya kwetu, ndani ya matangi yanayopitisha mwanga, wakatumia maji yake kunyweshea mboga. Walikuwamo wanabiolojia waliosoma vizuri, sikatai. Lakini kazi yao ninayoipenda kuliko zote ni kijitabu kimoja cha mwaka 1973, mwongozo wa kazi kuhusu bwawa la samaki la uani, ambacho McLarney alikiandaa kwa kushirikiana na jarida la bustani la kampuni ya Rodale. Naomba mniruhusu nikae na kijitabu hiki kwa muda, maana katika maktaba yangu yote sioni kingine kilichonifunza zaidi namna ya kuheshimu watu.

Tazameni walichokifanya. Hawakuwaambia wasomaji, sisi tumegundua, ninyi fuateni. Waliwaomba wasomaji wa jarida la bustani wawe watafiti wenza: kila mmoja afuge samaki uani kwake, aandike alichowalisha na kilichotokea, kisha kumbukumbu zirudi kwa wengine. Kichwa cha kijitabu kina mwaka ndani yake, na mimi nausoma mwaka huo kama tamko kwamba maarifa yaliyomo ni ya msimu ule na msimu ujao yatasahihishwa na wanaofuga. Ni miongozo mingapi tunayoichapa sisi yenye unyenyekevu huo? Tunaandika juu ya jalada neno "Mwongozo", basi, kana kwamba samaki wameshamaliza kufa.

Kisha katika miaka ya 1980 Mark McMurtry, Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, aliotesha mboga katika vitalu vya mchanga vilivyonyweshwa maji ya perege. Hapa mwenzangu angetabasamu, kwa sababu hiyo ni kazi ya chuo. Ila kisa hakikuishia chuoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tom na Paula Speraneo, wakulima mume na mke wa karibu na West Plains, Missouri, waliuchukua mfumo ule wakaubadili. Waliweka changarawe mahali pa mchanga, na samaki wao wakakaa katika tangi la galoni 500, sawa na lita 1,900 hivi, pembeni ya nyumba ya mimea iliyopata joto la jua. Ulifanya kazi. Watu walipouliza, wakaandaa maelezo ya namna ya kuujenga na kuyasambaza. Kitalu cha changarawe ambacho leo mtakiona katika nyua za Perth na za Goba kina deni kubwa kwa wakulima hao wawili.

James Rakocy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin ndio waliotupa vipimo, na heshima yao siipunguzi hata chembe. Kwa mfumo wa mimea inayoelea walituachia kanuni ya gramu 60 hadi 100 za chakula cha samaki kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mboga. Hesabu hiyo imeokoa watu wengi na mboga zenye njaa. Lakini anayedai mto ulitiririka upande mmoja tu, kutoka chuoni kwenda uani, aniambie akina Speraneo awaweke wapi.

Na kuna jambo la mwaka 2015. Kwa zaidi ya miaka 100 vitabu vyetu vilifundisha kwamba kazi ya kugeuza amonia hadi nitrati lazima ifanywe na makundi mawili ya bakteria kwa kupokezana. Mwaka huo watafiti walitangaza bakteria anayeifanya kazi yote peke yake, na kundi mojawapo la watafiti hao lilimpata katika kichujio cha mfumo wa kufugia samaki. Sisi tulilazimika kufuta ubao. Mfugaji wa uani aliyekuwa akimwambia jirani yake asiweke samaki wengi mpaka wiki nne hadi sita zipite hakulazimika kufuta chochote.

Mguu wa pili wa hoja ni mzito zaidi: kwamba wanapopashana wanaharibu. Hapa mwenzangu ana ushahidi, nami nitautoa mwenyewe. Nenda nyua kumi za mji huu, uulize dawa ya samaki wanaozubaa. Utaambiwa chumvi. Samaki wana madoa, chumvi. Hawali, chumvi. Na kwa kuwa maji ya mfumo huu hayamwagwi, chumvi inabaki humo, inajilimbikiza, na mimea inayoumia kwanza ni maharage na stroberi. Nimeona kitalu cha maharage kilichokauka pembezoni mwa majani kwa ushauri wa aina hiyo.

Lakini chumvi ilitoka wapi? Ilitoka mahali pa haki kabisa. Katika wiki za mwanzo nitriti inapanda, inaingia kwenye damu ya samaki na kuifanya ya kahawia, samaki anakosa pumzi ndani ya maji yenye hewa ya kutosha. Kloridi ya chumvi inaizuia nitriti isipite kwenye matamvua. Aliyesema "tia chumvi" mara ya kwanza alikuwa sahihi, katika wiki ya tatu, kwa kipimo kidogo, nitriti ikiwa imepanda. Wiki ya tatu ilidondoka njiani, kipimo kikadondoka, nitriti ikadondoka. Limebaki neno moja. Kilichoharibu maarifa hapo ni kukatwa kwa tarehe na vipimo, na ukataji huo ndio hasa tunaoufanya sisi tunapogeuza uzoefu wa watu kuwa mwongozo wa kurasa nane.

Nitoe mfano uliotokea kwangu. Nilipojenga mfumo wangu wa kwanza nilifuata mwongozo mzuri, uliochapwa vizuri, uliosema nijaze kitalu kwa kokoto. Nikanunua kokoto nyeupe za Kunduchi, kwa sababu zilikuwa karibu na bei yake ilinifaa. Nikazisafisha siku mbili mpaka maji yakatoka meupe. Mwezi wa pili spinachi ilianza kutoa majani machanga ya njano, mishipa ikabaki kijani kama ramani ya mito. Mchicha ukadumaa. Nikaongeza chakula cha samaki, nikidhani mboga zina njaa. Sato wakaanza kufa, wawili leo, mmoja kesho.

Jioni moja akaja kijana fundi bomba wa mtaani kwetu kurekebisha koki. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, karibu." Akaangalia kitalu kabla ya koki, akaokota kokoto moja, akaipangusa kwenye suruali. "Mwalimu, ndani kuna siki?" Nikamletea chupa ya siki ya kachumbari. Akadondoshea matone matatu. Jiwe likachemka povu jeupe, likatoa sauti kama soda iliyofunguliwa. "Hizi ni chokaa," akasema. "Mimi zilinilia vifaranga 80 Tegeta. Tafuta za Lugoba."

Mimi ndiye mwenye shahada ya uzamivu katika uwanja huu. Mawe ya pwani yetu ni matumbawe ya kale, ni chokaa, na chokaa huyeyuka polepole ikapandisha pH. Ikipita nane, mmea haupati madini ya chuma hata yakiwamo majini, na ndiyo sababu ya ile njano. Amonia nayo hubadilika sura. Katika maji ya nyuzi 28, pH ikiwa 7, sehemu ya amonia iliyo sumu haifiki asilimia 1. pH ikiwa 8, inapita asilimia 6. Nami nilikuwa naongeza chakula, yaani naongeza amonia. Haya yote niliyajua, nilikuwa nikiyafundisha. Aliyeyaunganisha na jiwe lililokuwa mbele yangu ni mtu aliyepoteza vifaranga 80 kwa jiwe lilelile.

Mwenzangu atasema, na kwa haki, kwamba jaribio la siki limo vitabuni. Limo. Chapisho la FAO la mwaka 2014 kuhusu akwaponiki ya kiwango kidogo, namba 589, linalieleza, na ni chapisho bora ambalo namshauri kila mmoja wenu alisome. Lakini halijui kwamba malori ya Kunduchi yanapita karibu na kwangu na ya Lugoba yanatoka mbali. Halina namna ya kujua. Kijana yule aliijua bei ya lori.

Nimepima pande zote mbili kwa miaka hii mitatu. Nakubali uani kunahitaji vipimo, na kwamba mtu asiye na chupa ya matone ya kupimia amonia anabahatisha. Nakubali pia kwamba wapo wanaouza semina kwa picha za mboga zilizoshiba na kuficha mwezi ambao tangi lao lilinuka, na hao wanawadhuru wanaoanza kuliko uvumi wowote wa chumvi. Pamoja na hayo yote bado naamini nilichokiamini tangu jioni ile ya siki: kipande cha maarifa chenye thamani kubwa zaidi katika kazi hii ni kifo cha samaki kilichoandikwa siku hiyohiyo, kwa tarehe, na kusomwa na jirani. Na naamini kiandikwe katika daftari la karatasi, lililoning'inizwa kwenye msumari karibu na tangi. Wanafunzi wangu wamenionyesha programu za simu, nzuri tu. Lakini simu huondoka na mwenyewe asubuhi, na daftari hubaki pale, likasomwa na mtoto anayelisha, na jirani aliyepita kuomba mche wa mnanaa, na fundi aliyekuja kwa ajili ya koki.

Mama mmoja wa Mbagala ameniruhusu nije na lake jioni hii. Amesoma hadi darasa la saba, na ana mapipa manne ya lita 200 na tangi moja. Nasoma ukurasa wa Machi kama alivyouandika: "Jumanne. Umeme ulikata saa nane usiku. Saa kumi na moja alfajiri wanahema juu. Nimechota kwa jagi na kumwaga toka juu mpaka kumekucha. Wamekufa 6, wakubwa wote. Wadogo wazima."

Wakubwa wote, wadogo wazima. Oksijeni inapopungua, samaki wakubwa kwa kawaida hutangulia kufa, jambo ambalo wenzangu wa mabwawa wanalijua vizuri. Yeye hakulisoma popote. Aliliona saa kumi na moja alfajiri akiwa na jagi mkononi, akaliandika, na kuanzia Aprili daftari linaonyesha akivua wakubwa mapema na kuwauza kabla tangi halijajaa. Majirani zake wawili, ambao wako hapa ukumbini, wanafanya hivyo pia.

Daftari litakuwa kwenye meza ya mlangoni hadi saa mbili usiku, pamoja na mengine kumi na moja mliyoniazima. Lisomeni, nakilini mnachotaka. Ila shikeni kwa mikono mikavu, kwa sababu kurasa za Machi zimeshalowa mara moja na wino wake umeanza kufifia.