Bawabu Naye Ni Mmisionari
Maandiko: 1 Wafalme 8:41-43, 1 Mambo ya Nyakati 9:17-27, Zaburi 84



Siku Solomoni alipoweka wakfu hekalu la Yerusalemu, aliomba ombi refu. Aliwaombea watu wake, aliombea mvua, aliombea wanaokwenda vitani. Katikati ya ombi hilo akamtaja mtu ambaye wengi hawakutazamia kumsikia siku ile: mgeni. Mtu asiye wa Israeli, aliyetoka nchi ya mbali kwa sababu amesikia habari za Jina la Bwana. Solomoni alimsihi Mungu amsikie mtu huyo pia. Nyumba ilikuwa bado mpya, na tayari mgeni alikuwa na nafasi yake ndani ya maombi.

Tunaleta neno hili kwa sababu sisi, ndugu na dada saba wa hapa Lubumbashi, tulivuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kusaidia kanisa ndugu kule Copperbelt, Zambia. Walikuwa wamemaliza kujenga hekalu lao. Kabla ya kuliweka wakfu, walitaka siku tatu za milango wazi, ili majirani waingie, waone, waulize. Walihitaji mikono, nasi tukajitolea.

Wengine kati yetu walikuwa na mahubiri tayari ndani ya begi. Baba mchungaji wa pale alitugawia kazi: wawili kufagia na kupanga viti, wawili mlangoni pamoja na protokole, mmoja kuandika majina ndani ya daftari, mmoja kuangalia maji na watoto, mmoja kutembea nyumba kwa nyumba na vijana wa pale kualika watu. Mikro hakuna aliyepewa. Mchungaji alisema, "Jirani anakuja kuona nyumba. Akitaka kusikia Neno, atauliza, na tutamjibu."

Siku ya pili alikuja mama mmoja ambaye ukuta wa nyumba yake unagusana na ukuta wa kanisa. Watu wa pale walimjua: ndiye aliyekuwa anapeleka malalamiko kwa wakubwa wa mtaa juu ya kelele. Alisimama kwenye lango, hakuingia. Dada yetu aliyekuwa mlangoni alimsalimu kwa Kibemba kidogo alichojifunza: "Mwaiseni, mukwai." Akamletea kiti palepale, kivulini. Hakumvuta aingie. Mama alikaa karibu saa nzima anaangalia watu. Mwishoni akauliza swali moja: "Ninyi, mabafle yenu mnazima saa ngapi?"

Dada alikwenda kumwita mchungaji. Mchungaji akaja, akaketi kwenye ngazi, chini kuliko kiti cha yule mama, akamsikiliza. Mume wake anafanya kazi ya mgodi kwa zamu. Anatoka alfajiri, na usiku anaopata kulala ndio usiku wa mkesha. Kabla jua halijashuka wazee wa kanisa walikuwa wamekutana na kukubaliana: mkesha utaendelea, lakini mabafle yatazimwa saa nne ya usiku. Mungu husikia hata asiyepaza sauti.

Ndipo yule mama akaingia ndani. Hatuwezi kuwaambia kwamba ameokoka; hilo ni kati yake na Mungu. Tunajua kwamba siku ya tatu alirudi, na alikuja na jirani mwingine.

Wapendwa, kitabu cha Mambo ya Nyakati kinahesabu mabawabu wa nyumba ya Mungu: walikuwa 212. Kinataja ukoo wao, wana wa Kora. Sasa fungueni Zaburi 84, zaburi ile ya mtu anayeona ni bora kusimama mlangoni pa nyumba ya Mungu kuliko kukaa mahali pengine. Mwanzoni imeandikwa kuwa ni ya nani? Ya wana wa Kora. Watu wa mlangoni ndio walioimba hivyo. Walijua wanachosema.

Na sisi Wapentekoste wa Katanga tuna mfano karibu. Mwaka 1915 William Burton na James Salter walifika Mwanza, ile Mwanza ya Waluba, si ile ya Tanzania. Burton alikuwa amesomea uinjinia. Mwaka 1920 akaja Edmund Hodgson, fundi seremala. Mikono iliyoshika Biblia ilishika pia msumeno na nyundo. Hodgson alitumika miaka 40, mpaka alipouawa mwezi wa 11, 1960, pamoja na mwenzake Elton Knauf. Nani atasema kazi ya mbao haikuwa kazi ya Injili?

Wengi wetu tulisikia pia habari ya mwaka 2019, wakati Kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho lilipofungua hekalu lake la Kinshasa kwa watu wote, kabla ya kuliweka wakfu tarehe 14 Aprili. Mafundisho yetu na yao si mamoja. Kwao, baada ya wakfu, wanaoingia hekaluni ni washiriki wao wenye ruhusa. Kwetu mlango unabaki wazi. Basi kila Jumapili ni siku ya milango wazi. Je, mgeni wa Jumapili ya kawaida, pale Katuba, Kenya au Ruashi, anapata kiti na salamu kama mgeni wa siku kubwa? Au anatazamwa viatu vyake?

Ninyi mnaotaka kujitolea ng'ambo, shikeni mambo manne. Jilipieni safari, msiwe mzigo kwa wenyeji. Jifunzeni salamu ya lugha yao kabla ya kuvuka mpaka. Fanyeni kazi mliyopewa, hata kama ni ufagio. Na mkiisha maliza, ondokeni, mwache sifa kwa Mungu na kazi mikononi mwa wenyeji, kwa maana wao ndio watakaobaki na yule jirani.

Na wewe usiye na pasipoti wala pesa ya safari, ukuta wa kanisa lako unagusana na nyumba ya nani? Unajua jina lake? Unajua analala saa ngapi? Nenda ukamsalimu wiki hii.

Tuombe: Bwana, utupe macho ya kumwona aliyesimama kwenye lango, na unyenyekevu wa kumletea kiti. Katika Jina la Yesu, Amina.