Simu Yenye Mengi na Simu Yenye Machache: Namna ya Kupima Kabla ya Kununua

Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya mikutano ya elimu kwa watumiaji wa huduma za mawasiliano



Katika mikutano ya namna hii, swali moja hujitokeza kila mara kabla ya mengine: “Nina laki tatu mkononi, ninunue simu ipi?” Mamlaka haimchagulii mwananchi chapa ya simu, wala haipaswi kufanya hivyo. Wajibu wetu ni kumpa mnunuzi mizani, naye apime mwenyewe kwa fedha yake na kwa haja zake.

Boksi la simu hutangaza kwa herufi kubwa ukubwa wa kamera, uwezo wa betri na upana wa skrini. Ni nadra kutangaza jambo ambalo mnunuzi ataishi nalo kila siku, yaani mfumo endeshi na vyote vilivyopakiwa pamoja nao kiwandani. Hoja ya mada hii ni kwamba wingi wa vikorombwezo usiwe kipimo cha kwanza. Kipimo cha kwanza ni muda ambao mtengenezaji ameahidi kuitunza simu hiyo baada ya kuiuza. Cha pili ni mamlaka aliyo nayo mnunuzi juu ya vilivyomo ndani yake.

Mfumo asilia na mfumo ulioongezewa

Simu janja nyingi zinazouzwa nchini hutumia mfumo wa Android, ambao simu ya kwanza yenye mfumo huo iliingia sokoni mwaka 2008. Msimbo wa msingi wa Android uko wazi, na mtengenezaji yeyote anaruhusiwa kuuchukua na kuujengea juu yake. Tunaweza kuufananisha na boma la nyumba: kuta na paa vipo, kisha kila fundi hupiga lipu, hupaka rangi na kuweka samani kwa namna yake.

Baadhi ya watengenezaji huongeza machache sana. Simu za Pixel za Google ziko katika kundi hilo, na vivyo hivyo simu za mpango wa Android One, ulioanza mwaka 2014, zikiwemo Nokia kadhaa. Katika mada hii tutauita mfumo wa namna hiyo mfumo asilia. Wengine huongeza mengi: Tecno ina HiOS, Infinix ina XOS, Samsung ina One UI, na Xiaomi ina HyperOS iliyorithi nafasi ya MIUI mwaka 2023. Huu tutauita mfumo ulioongezewa.

Manufaa ya mfumo ulioongezewa

Haitakuwa haki kuubeza mfumo ulioongezewa. Mfanyabiashara mwenye laini mbili huweza kutumia akaunti mbili za WhatsApp, moja ya duka na nyingine ya familia, kwa kunakili programu ndani ya simu ileile. Mzazi anayempa mtoto simu achezee huweza kufunga programu ya fedha kwa alama ya kidole. Kuna simu zinazorekodi mazungumzo bila kuhitaji programu ya nje, na nyingine zina namna ya kubana matumizi ya chaji inayomfaa mtu wa eneo lenye umeme wa kusuasua.

Aidha, baadhi ya mambo yaliyoanzia kwa watengenezaji hawa baadaye yaliingizwa katika mfumo asilia wenyewe. Kurekodi skrini kulikuwepo katika simu nyingi zilizoongezewa kabla ya Android 11 kukuleta kama sehemu ya mfumo mwaka 2020. Kwa hiyo, anayejua kikorombwezo anachokihitaji na atakachokitumia kila wiki ana sababu njema ya kukilipia. Tatizo humpata anayelipia vikorombwezo arobaini ili atumie viwili.

Gharama zisizoandikwa kwenye boksi

Gharama ya kwanza ni nafasi. Simu iliyoandikwa GB 64 haimpi mnunuzi GB 64 za picha na video zake, kwa kuwa mfumo na programu zilizopakiwa nao huchukua sehemu, na katika simu nyingi za siku hizi sehemu hiyo huzidi GB 10. Kadiri nyongeza zinavyokuwa nyingi, ndivyo nafasi ya mwenye simu inavyopungua.

Hapa inafaa kutaja maandishi ya “8GB RAM” ambayo chini yake, kwa herufi ndogo, huandikwa “4GB+4GB”. RAM ni kumbukumbu ambamo simu hufanyia kazi zake za wakati huo. GB 4 za kwanza ni RAM halisi, na GB 4 za pili huazimwa kutoka kwenye hifadhi ya kawaida, ambayo ni ya polepole kuliko RAM. Nafasi inayoazimwa hupunguzwa kwenye hifadhi yako. Unapolinganisha simu mbili, linganisha RAM halisi kwa RAM halisi.

Gharama ya pili ni wapangaji usiowaalika. Programu nyingine huwekwa kiwandani kwa makubaliano ya kibiashara kati ya mtengenezaji na mwenye programu. Baadhi huondolewa kwa urahisi. Nyingine huweza kuzimwa tu. Zipo zinazotuma arifa za matangazo na kutumia bando ulilonunua wewe. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nasi tunaweza kuitazama kwa jicho hilo programu inayojitangaza mara tano kwa siku ndani ya simu uliyoilipia mwenyewe. Hata hivyo, mfumo asilia nao una programu za Google ambazo kwa kawaida hazifutiki zote, na nazo hukusanya taarifa. Uchache wa programu ni nafuu, lakini haumaanishi faragha kamili.

Gharama ya tatu ni mikono mingi. Mwezi Juni 2019, kampuni ya Google ilieleza hadharani jinsi programu hasidi iitwayo Triada ilivyoingizwa katika baadhi ya simu kabla hazijafika dukani. Mtengenezaji anayetaka kikorombwezo kisichokuwemo katika Android, kwa mfano kufungua simu kwa uso, huweza kumpa mkandarasi wa nje mfumo mzima wa simu ili akiongeze, na mlango uliotumika ulikuwa huo. Hatusemi kwamba kila simu yenye vikorombwezo ina kasoro hiyo. Tunasema kila nyongeza ina aliyeitengeneza, na mnunuzi ana haki ya kumtarajia mtengenezaji awe amemkagua.

Masasisho: kipimo kinachosahaulika

Simu ya Mtanzania wa leo ni pochi, ni daftari la wadeni na ni kabati la vyeti. Namba ya siri ya akaunti ya fedha huingizwa humo kila siku. Mianya ya kiusalama hugunduliwa kila wakati, na tangu Agosti 2015 Google hutoa kila mwezi taarifa ya mianya iliyozibwa katika Android. Lakini masahihisho hayo hayafiki moja kwa moja kwa kila mtumiaji. Hupitia kwa mtengenezaji wa simu, ambaye hulazimika kuyaoanisha na nyongeza zake na kuyajaribu kabla ya kuyatuma. Nyongeza zikiwa nyingi, kazi huwa kubwa. Na mtengenezaji asiyejali huacha kabisa.

Hata hivyo, tusihitimishe kwamba mfumo asilia siku zote hutunzwa vizuri zaidi. Google iliahidi miaka 7 ya masasisho kwa Pixel 8 iliyotoka mwaka 2023. Samsung, yenye mfumo ulioongezewa mengi, iliahidi miaka 7 kwa Galaxy S24 na miaka 6 kwa Galaxy A16, simu ya bei ya chini iliyotoka mwaka 2024. Tunazitaja si kwa kuzipendekeza, bali kuonesha kwamba ahadi ya maandishi ina uzito kuliko sura ya mfumo. Simu yenye mfumo asilia isiyopata sasisho ni nyumba safi isiyo na komeo.

Zingatia pia kwamba miaka hiyo huhesabiwa tangu simu ilipotolewa sokoni, si tangu siku uliyoinunua. Simu iliyoahidiwa miaka 4 na ikakaa dukani miaka 2 inakupa miaka 2 tu.

Hatua za kuchukua dukani

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aiwashe simu, kisha ufanye yafuatayo:

1. Fungua Mipangilio, nenda sehemu ya hifadhi, uone nafasi iliyobaki kabla hujaweka kitu chako chochote.
2. Nenda sehemu ya “Kuhusu simu”, utazame toleo la Android na tarehe ya sasisho la usalama. Tarehe iliyopitwa na mwaka mzima ni ishara ya kuuliza maswali.
3. Hesabu programu usizozifahamu na ujaribu kuondoa mojawapo. Utajua papo hapo nani mwenye nyumba.
4. Uliza simu ilitoka mwaka gani na imeahidiwa masasisho hadi lini. Jibu la mdomo lihakikishe katika tovuti ya mtengenezaji.
5. Piga *#06# upate namba ya IMEI, uilinganishe na iliyo kwenye boksi, kisha uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 kuthibitisha kwamba si bandia. Simu bandia zilifungiwa nchini mwezi Juni 2016, na hakuna mfumo, uwe asilia au ulioongezewa, unaoweza kuiokoa simu ya namna hiyo.
6. Dai risiti na waranti iliyoandikwa.

Kwa aliyekwisha kununua

Huna haja ya kuitupa simu yako. Zima programu usizozitumia, funga arifa za matangazo, na upitie ruhusa moja baada ya nyingine: tochi haihitaji orodha ya majina yako, wala kikokotoo hakihitaji kujua ulipo. Pokea kila sasisho linapokuja, hata likikugharimu bando. Kumbuka vilevile kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kuzuia taarifa zako zisitumike kwa matangazo ya biashara.

Iwapo fedha yako inatosha simu yenye RAM ndogo tu, ulizia toleo la Android liitwalo Go, lililotangazwa mwaka 2017 kwa ajili ya simu za namna hiyo. Katika simu ndogo, mzigo mwepesi ndio unaofika.

Hitimisho

Ndugu watumiaji, hakuna jibu moja linalomfaa kila mtu. Mwenye biashara ya laini mbili na mstaafu anayetaka kupiga simu na kupokea pensheni yake hawawezi kununua kwa mizani moja. Lakini wote wawili wana swali moja la kumuuliza muuzaji kabla ya kufungua pochi: “Simu hii itatunzwa mpaka lini?” Muuzaji akishindwa kujibu, bado una muda wa kwenda duka la pili.