Wakimwandika mtoto wetu kosa la mtu mwingine

Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama katika kikao cha Baraka. Tumeyaandika vile yalivyosemwa, tumepunguza kidogo tu.



Leo sitasema juu ya mbegu wala juu ya mabati. Nitasema juu ya karatasi. Wengi wetu tulikuwa Nyarugusu na Lugufu. Sisi tulivuka ziwa tukarudi, ndugu zetu wengine wakapanda ndege kwenda Marekani. Njia ziliachana lakini mfuko ulibaki mmoja. Mtoto akikosa kazi kule, kuna mtoto mwingine hapa anafukuzwa darasani juu ya pesa ya masomo. Njo maana jambo hili ni letu pia.

Mama mmoja katika sisi alikuja kwenye biro yangu akiwa na huzuni. Mwana wake alikuwa anatuma kitu kila mwezi, halafu akanyamaza miezi mitatu. Mama alifikiri amesahauliwa. Tukapiga simu. Kijana akasema kwa sauti ndogo: "Mama, sikukusahau. Waliniita kazi kwenye depo, wakanipa mpaka siku ya kuanza. Kisha wakaniandikia kwamba hapana tena. Wanasema niko na kesi ya wizi." Na kijana yule hajaiba hata yai.

Imekuwaje? Kule, mbele ya kukupa kazi au nyumba ya kupanga, mara nyingi bwana kazi au mwenye nyumba analipa kampuni moja ichunguze maisha yako ya nyuma. Kampuni inatafuta jina lako katika madaftari ya korti, inaandika ripoti. Kazi hiyo inafanywa haraka, na kompyuta. Daftari la korti mara nyingi halionyeshi ile namba ya mtu ya Social Security. Linaonyesha jina na tarehe ya kuzaliwa. Hapo ndipo sisi tunapatikana.

Mufikiri vile tuliandikwa kambini. Asiyejua siku yake ya kuzaliwa aliandikwa Januari 1. Wako wangapi hapa walio na Januari 1? Naona mikono. Halafu majina: huyu hapa ni Amisi, karani wa Tanzania akaandika Hamisi. Ramazani akawa Ramadhani. Wilondja akawa Wilonja. Tena sisi tuko na majina matatu, na fomu ya Marekani inataka la kwanza na la mwisho, la katikati linaanguka njiani. Mwishoni watu wawili wasiojuana wanakuwa na jina moja na siku moja ya kuzaliwa. Mmoja akiiba, mwingine anakosa kazi.

Sasa musikilize vizuri. Kosa hili liko na dawa. Kule kuna sheria ya mwaka 1970, inaitwa Fair Credit Reporting Act. Mushike jina hilo vile lilivyo, sababu ukilitaja katika barua wanajua hauko gizani. Sheria haiulizi kama wewe ni raia. Inalinda mtu yeyote ambaye ripoti imeandikwa juu yake, mkimbizi pia.

Inasema nini? Kwa upande wa kazi, bwana kazi hana ruhusa ya kuitisha ripoti kwa kampuni kama hiyo bila kukujulisha kwa maandishi na wewe kukubali kwa maandishi. Akiona jambo baya ndani na anataka kukukatalia, mbele ya kukukatalia lazima akupe nakala ya ripoti pamoja na karatasi ya haki zako. Njo nafasi ya kusema: huyu si mimi. Akisha kukataa kabisa, lazima akuambie ni kampuni gani iliandika.

Kwa upande wa nyumba ni ngumu zaidi kidogo. Mwenye nyumba halazimishwi kukupa ripoti mbele ya kukataa. Lakini akikataa juu ya ripoti ile, lazima akujulishe na akupe jina na anwani ya kampuni. Iwe kazi, iwe nyumba, ukipata habari ya kukataliwa uko na siku 60 za kuomba ripoti kwa kampuni bila kulipa.

Ukiiona ripoti, andikia kampuni. Sema mstari fulani si wangu, na sema kwa nini. Tia nakala za karatasi zako, usitume zile za asili. Kampuni iko na siku 30 za kuchunguza. Ukituma vitu vingine katikati, inaweza kuongeza siku 15. Isipoweza kuhakikisha kwamba ni wewe, lazima ifute. Haya yote ni bure. Mtu akikuomba dola 500 ili "asafishe jina," mkimbie.

Turudi kwa kijana wetu. Yeye hakupewa ripoti mbele ya kukataliwa. Aliambiwa tu, akaona haya, akalala nayo. Tulimwambia aombe ripoti. Ilipokuja, tukaisoma pamoja kwa simu, mstari kwa mstari. Jina ni lake, Januari 1 ni yake na mwaka ni wake. Lakini wizi ulifanyika mwaka 2014, katika jimbo ambalo hajawahi kufika, na yeye aliingia Marekani mwaka 2016. Mwaka 2014 alikuwa Nyarugusu anapanga mstari wa unga pamoja na mama yake! Ushahidi ulikuwa ndani ya sanduku lake siku zote: karatasi ya kuingilia nchi, ile inaitwa I-94, iko na tarehe. Alituma nakala. Haikufika mwezi mmoja, wakafuta.

Sitawadanganya kwamba yote yaliisha vizuri. Ile kazi ya depo ilikuwa imepewa mtu mwingine. Na alipotafuta nyumba, alikataliwa tena kwa kosa lile lile, sababu mwenye nyumba alitumia kampuni nyingine. Kufuta kwa kampuni moja hakufuti kwa nyingine. Ikabidi aandike barua ya pili. Pesa aliyolipa ya kuomba nyumba haikurudi.

Mutauliza: je, mtu anaweza kushtaki? Ndiyo. Kampuni inadaiwa kufuata njia nzuri za kuhakikisha habari ni sahihi. Kama ilivunja sheria kwa kusudi au kwa kutojali, korti inaweza kuitoza dola 100 mpaka 1.000 kwa mtu hata bila kuhesabu hasara, na ikishindwa inalipa avoka wako. Njo maana wako avoka wanaokubali kesi hizi bila kuomba pesa mbele. Lakini usilale: ni miaka miwili tangu ulipojua, na haipiti mitano tangu kosa lilipofanyika.

Kuna kesi moja kubwa ya kutufundisha. Mwaka 2011, bwana Ramirez wa California alikwenda kununua gari. Muuzaji akakataa, eti jina lake liko katika orodha ya serikali ya magaidi na wauza madawa. Kampuni ya TransUnion ilikuwa imelinganisha jina la kwanza na la mwisho tu, basi. Watu 8.185 waliingia katika kesi ile. Mwaka 2021 Korti Kuu ya Marekani ilisema wanaoweza kudai ni 1.853 tu, wale ambao ripoti zao zilitumwa kwa watu wengine. Fundisho ni hili: haitoshi kusema "waliniandika vibaya." Uonyeshe ripoti ilifika kwa nani na ulipoteza nini. Kwa hiyo chunga kila barua, kila ujumbe wa simu, kila risiti.

Niseme na ukweli mwingine. Kama kosa ni lako kweli na korti ilikuhukumu, sheria hii haitalifuta. Kama ulikamatwa tu na hukuhukumiwa, kwa kawaida baada ya miaka 7 haliwezi kuandikwa tena.

Na sisi wa hapa, kazi yetu ni gani? Ya kwanza, mtoto akiomba karatasi ya kuzaliwa, musimtengenezee tarehe mpya "ili kumsaidia." Najua wanaouza karatasi wako wapi, na ninyi munajua. Karatasi inayopingana na dosie yake ya ukimbizi inaweza kumletea kesi mbaya kuliko ile ya kwanza. Kama karatasi ya komini iko na kosa, linarekebishwa kwa hukumu ya korti, si kwa kalamu ya mtu. Ya pili, jina liandikwe namna moja kila pahali, kuanzia watoto wanaozaliwa leo. Ya tatu, mutoto akinyamaza, mumuulize mbele ya kumlaumu.

Ninyi ndugu wa mbali munaotuchangia, musome maneno haya makanisani na misikitini kwenu. Wako wengi wanaolala na haya kwa kosa lisilo lao.

Kijana yule sasa anafanya kazi pahali pengine. Mama yake yuko hapa mbele, amenipa ruhusa ya kusema bila kutaja jina. Mwenye karatasi na wasiwasi aniletee baada ya kikao, tusome pamoja.