Mchagua jembe si mkulima

 Wiki hii nataka tuzungumze juu ya kamera, na hasa juu ya fedha wanazotupa vijana wetu kwa sababu hawaisikilizi kamera inapowaeleza kosa lao.

Juzi mpwa wangu alinijia jioni, kamera shingoni, uso umemshuka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kulikoni?"

Akanieleza kwamba alipewa kazi ya kupiga picha za harusi, kazi yake ya kwanza ya kulipwa. Picha zimetoka vibaya, na wenye harusi wamekataa kummalizia malipo yake. Lililowauma zaidi si picha za biarusi, maana hizo jamaa walipiga nyingi kwa simu zao. Ni picha ya bibi yake biarusi, mkongwe ambaye hatoki nje tena, aliyebebwa na kiti chake mpaka ukumbini ili amwone mjukuu wake. Alipigwa picha moja tu, nayo inamwonyesha kama kivuli.

"Kamera hii mbovu, mjomba," akasema. "Naomba unikopeshe fedha ninunue lenzi ndefu na flashi kubwa."

Sikumpa fedha. Nilimwambia aketi, tukaiwasha kamera, tukatazama picha moja moja.

Ndugu msikilizaji, sisi tuliojifunzia kwenye kamera za filamu tulikuwa tukisubiri mpaka filamu isafishwe ndipo tujue tulikosea, na wakati huo tumeshasahau tulifanya nini. Kamera ya dijitali huandika ndani ya kila picha jinsi ilivyopigwa. Fungua picha kwenye kioo chake, tafuta maelezo yake, utaona namba tatu. Ya kwanza ni kasi ya shata, yaani mwanga uliruhusiwa kuingia kwa muda gani. Ya pili ni ukubwa wa tundu la lenzi. Ya tatu ni ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga. Huo ndio ushahidi, na kamera haisemi uongo.

Picha za ukumbini zilikuwa na namba hizi: 1/10 ya sekunde, tundu 5.6, ISO 100. Nikamwuliza, "Nani awezaye kushika kamera bila kutikisika kwa muda huo, huku watu wanacheza ngoma?" Akanyamaza. Alikuwa ameiweka ISO 100 mchana, akaisahau. Lau angeipandisha hadi 1600, wepesi ungeongezeka mara 16, na shata ingefunga kwa 1/160. Picha zingekuwa na chengachenga kidogo, lakini nyuso zingeonekana. Chenga mteja husamehe, ukungu hasamehi.

Hata huo ukungu una aina zake. Ikiwa picha nzima imeburuzika upande mmoja, mkono ulitikisika. Ikiwa ukuta umetulia na mtu ameburuzika, mtu ndiye aliyetembea. Hapo ongeza kasi ya shata. Ikiwa mtu ana ukungu lakini pazia lililo nyuma yake ni safi, kamera ililenga pazia. Magonjwa matatu, dawa tatu, na hakuna hata moja inayouzwa dukani.

Akasema pia kwamba mara kadhaa kamera iligoma kabisa kupiga. Mara nyingi huo si ubovu. Kamera hutafuta ukingo wa kitu ili ilenge. Ukiielekeza kwenye giza au ukuta mtupu, huhangaika tu. Ielekeze kwenye pindo la nguo au ukingo wa uso, kisha bonyeza. Tazama pia kitufe cha kufunga kilicho ubavuni mwa kadi ya kumbukumbu, kwa kuwa kikisogea kamera haiwezi kuandika. Na ukifuta picha kwa bahati mbaya, usipige nyingine juu ya kadi hiyo. Iweke kando, zipo programu ziwezazo kuzirudisha, maadamu hujaandika juu yake.

Tukafika kwenye picha ya bibi. Hapo flashi ndogo ya kamera iliwaka. Waliokaa mbele wameungua kwa weupe, naye nyuma yao amebaki gizani. Mwanga wa flashi hupungua upesi: umbali ukizidi mara mbili, mwanga unaofika hubaki robo. Flashi hiyo ndogo, kwa ISO 100 na tundu 5.6, kwenye kamera nyingi za wanaoanza hufika mita mbili hivi. Bibi alikuwa mita nne. Isitoshe, lenzi ilikuwa na kofia yake, ikatupa kivuli cheusi chini ya picha.

"Sasa ningefanyaje, mjomba?"

"Ungeondoka ulipo, uende ukapige goti mbele ya bibi."

Baada ya hapo ndipo tukazungumza juu ya kununua, maana sisemi kwamba vifaa havina kazi. Lenzi ndefu aliyoitamani, ya bei nafuu, tundu lake huwa dogo, na mkono ukitikisika kidogo picha hutikisika sana. Ingempa matatizo yaleyale kwa bei kubwa zaidi. Kwa ukumbi wenye giza, lenzi ya kwanza ya kununua ni ile fupi isiyovuta, yenye tundu la 1.8. Ukiilinganisha na tundu la 5.6, huingiza mwanga karibu mara 10. Ya milimita 50 ndiyo kwa kawaida rahisi kuliko zote, lakini kwenye kamera nyingi za wanaoanza huona kama ya 75 au 80, na chumbani utajikuta mgongo umegota ukutani. Ya milimita 35 hufaa zaidi kwa vyumba vyetu.

Usilipe kabla ya kuijaribu kwenye kamera yako mwenyewe. Lenzi ya Canon haiingii Nikon. Tangu mwaka 2018 kampuni hizo mbili zimeleta kamera zisizo na kioo cha ndani zenye mdomo mpya, na lenzi za mdomo huo hazivai kwenye kamera za zamani. Tena kamera ndogo za Nikon, mfano D3500, hazina mota ya kusukuma lenzi. Ukinunua lenzi ya zamani yenye alama ya AF-D itaingia vizuri, lakini utalenga kwa mkono siku zote. Tafuta iliyoandikwa AF-S.

Kwa flashi, nunua yenye kichwa kinachoinuka na kugeuka. Ielekeze kwenye dari nyeupe, mwanga urudi chini kwa upole. Chini ya makuti au dari ya mbao nyeusi hautarudi, na ukuta wa kijani utawapaka watu kijani. Shata usiizidishe 1/200, la sivyo kamera nyingi zitakutia utepe mweusi pembeni mwa picha. Na flashi kuukuu za enzi ya filamu ziogope: baadhi yake hupitisha zaidi ya volti 200 kwenye mguu wake, na huweza kuiunguza kamera ya dijitali.

Ukinunua lenzi iliyotumika, imulike kwa tochi. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, irudishe. Sisi wa pwani tunaijua unyevu wetu. Hifadhi lenzi mahali pakavu, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya maji vinavyokuja na viatu. Na vumbi ndani ya kamera usilipulize kwa mdomo, utalitilia mate.

Mpwa wangu aliondoka bila mkopo. Siku ya tatu akanipitia. Alikwenda nyumbani kwa yule bibi asubuhi, akaomba radhi, akaomba kiti kisogezwe karibu na mlango ili mwanga umwingie kwa ubavu. Kamera ileile, lenzi ileile, flashi imezimwa. ISO 400, shata 1/125. Nilimwona yule bibi, kila mkunjo wa uso wake, na jicho moja limecheka.

Habari ya malipo hakunieleza, nami sikumwuliza. Aliniambia tu kwamba amekwishaanza kuweka akiba ya ile lenzi ya milimita 35, nami nimemwahidi kuongezea kidogo.

Ndugu msikilizaji, kabla hujatia mkono mfukoni, fungua picha uliyoiharibu, usome zile namba tatu. Hadi wiki ijayo panapo majaliwa, kwaheri.