Uvuvi Wakati wa Kusi: Yanayomhusu Mvuvi na Familia Yake

Nakala ya mazungumzo kwa wavuvi, wachuuzi wa samaki na wakazi wa pwani ya Kilifi



Dalili kila mmoja anazijua. Upepo unavuma kutoka kusini mashariki, asubuhi kuna kibaridi, mawimbi yanasikika mwambani usiku kucha, na bei ya samaki imepanda. Hii ni kusi. Huanza Aprili pamoja na masika, hushika nguvu Juni hadi Agosti, kisha hulegea kuanzia Septemba. Maji ambayo mwezi wa Machi hufika nyuzi 29 hushuka hadi karibu nyuzi 25.

Wakati wa kaskazi, vyombo hutoka nje ya mwamba na kurudi na nguru, jodari na kolekole. Kusi ikichacha, mwenye hori au dau hubaki ndani ya mwamba na malema, mshipi na nyavu zake, akitafuta tafi, pono na changu. Mapato hupungua, lakini karo haipungui, na deni la dukani halingoji kaskazi. Hapo ndipo mvuvi hushawishika kutoka siku ambayo moyo wake unamwambia asitoke. Kwa hiyo kuna mambo matatu ya kuzingatia.

La kwanza ni mlango wa mwamba. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Yanapotoka kwa kasi mlangoni na kukutana na mawimbi ya kusi yanayoingia, mawimbi husimama wima na kuvunjika. Chombo kidogo hupinduka hapo hapo, watu wakiona kutoka ufuoni. Kwa kawaida siku hizo maji hukauka kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Mvuvi apange safari yake ili apite mlangoni maji yakiwa yanajaa. Akumbuke pia kwamba mara nyingi upepo huzidi mchana kuliko alfajiri.

La pili ni mkondo. Katika pwani yetu mkondo wa bahari huelekea kaskazini, na wakati wa kusi huwa na kasi zaidi kwa sababu upepo nao unausukuma. Chombo kilichozimikiwa na mashine nje ya Watamu hakitangoja pale pale. Kitapelekwa upande wa Ngomeni na Lamu. Anayetafutwa atafutwe upande huo, na mapema. Ndiyo maana kila chombo kinahitaji nanga yenye kamba ndefu, makasia au tanga la akiba, jaketi la kuokolea kwa kila mtu, na simu iliyofungwa vizuri isiingie maji. Kabla ya kutoka, mvuvi aiarifu BMU yake na nyumbani kwake anakokwenda na saa ya kurudi. Mke anayejua saa ya kurudi anajua pia saa ya kupiga kelele.

Idara ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo wa noti 25, yaani kama kilomita 46 kwa saa, vyombo vidogo vibaki ufuoni. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani ya Tanzania, tahadhari ilitolewa hapa Kenya mapema. Tahadhari humsaidia aliyeisikia na kuitii.

La tatu ni samaki wachanga. Wavuvi wengi wakibanana ndani ya mwamba, kishawishi cha kukokota kila kilichomo ni kikubwa. Juya la kukokota na bunduki ya mkuki vilipigwa marufuku mwaka wa 2001. Juya hung'oa nyasi za bahari ambamo tafi na changu hukulia, na likibeba vitoto vya leo, mwenye malema hatakuta kitu mwakani. Kina mama karanga nao wana nguvu hapa: samaki asiye na mnunuzi havuliwi mara ya pili.

Kusi haimaanishi kukaa bure. Ni msimu wa kukalafati madau, kushona nyavu, kusuka malema na kukagua mashine. Wenzao wa karibu na ghuba ya Ungwana hupata kamba, kwa kuwa mito iliyojaa kwa mvua huleta rutuba baharini. Familia inayoweka akiba kidogo wakati wa kaskazi humwondolea mvuvi sababu ya kuhatarisha maisha yake Julai.

Kaskazi itarudi, na nguru watarudi nayo. Ombi kwa kila ufuo, kuanzia Mtwapa hadi Ngomeni, ni kwamba ikirudi, kila mvuvi awepo kuipokea. Tahadhari kabla ya hatari.